Kipimo cha Januari

Kiplombe, Eldoret
24 Machi 2008

Mzee Gathogo,

Anwani hii nimeipata kwa binti yako Warigia. Mke wangu Seline alikutana naye kwenye foleni ya blanketi katika kambi ya waliofukuzwa baada ya uchaguzi, akamwambia umefika Ol Kalou kwa ndugu yako na kwamba u mzima, ila kifua tu. Kalamu nimeishika mara tatu nikaiweka.

Nianze na mabaya. Duka limeungua lote. Nyumba imebaki ukuta wa upande wa jikoni. Nilikwenda kwako Chepsaita Jumamosi iliyopita, mara ya kwanza tangu Desemba, na sitakudanganya kwamba njia ilikuwa imefungwa. Njia ilifunguka Februari. Niliogopa kuona. Mwezi wa kwanza vijana walinisimamisha mara mbili hapa Kiplombe wakauliza jina wajue kabila langu, nikasema Oyugi, wakanipisha. Tangu siku hiyo jina langu linanikaa vibaya mdomoni.

Sasa mazuri. Kinu chetu cha upepo kimesimama. Nguzo ilikuwa mbali na nyumba, moto haukuifikia. Nimekuta umekifunga breki, zile waya tatu umezisokota pamoja kama nilivyokuonyesha. Nyumba ya mtu inawaka, na bado anakumbuka kufunga kinu breki. Nilipoziona hizo waya nilikaa chini. Miti yako ya saiprasi iko yote kumi na miwili. Miwili imekaushwa na moto, mingine imebabuka majani upande mmoja tu.

Jirani yako Mama Jepkosgei anakusalimu. Kuku wako wanne yuko nao. Anauliza kama anaweza kuchaji betri yake kwenye kinu. Nimemwambia kinu si changu.

Niambie la kufanya.

Eliakim Oyugi


Ol Kalou
19 Aprili 2008

Mwalimu Eliakim,

Nakuita Mwalimu hata kama chuo chenu kinakuita fundi wa karakana, maana wewe ndiye ulinifundisha kuchonga bawa.

Asante kwa kuandika. Simu yangu ilibaki dukani, na hata nikipata nyingine sitaki kuzungumza habari za huko kwa simu. Mtu anakwambia pole, unasema asante, salio linaisha. Barua ina nafasi ya kuchora.

Nikuchekeshe kidogo. Siku ile nilikuwa na bahasha mbili za kaki chini ya godoro. Moja ilikuwa na hati ya shamba, nyingine vipimo vyetu vya upepo vya mwaka 2007. Nilivuta moja nikaitia ndani ya shati nikakimbia. Nikalala nayo kanisani siku tatu nikiilinda kama yai. Siku ya nne nikaifungua kumwonyesha Warigia kwamba angalau shamba liko, nikaanza kumsomea: Januari, mita mbili nukta tisa kwa sekunde. Msichana alicheka mpaka akalia. Mimi nilianza na kulia.

Basi hati imeungua, na kupata nyingine wanasema ni miaka. Mpaka wa shamba langu sasa unashuhudiwa na miti ile peke yake. Jiwe la mpimaji liko chini ya mti wa tatu kutoka getini. Kwa hiyo miti iache, hata ile miwili iliyokauka iache isimame. Najua unavyoichukia. Mwaka mzima ulinipigia kelele kwamba imesimama mashariki mwa kinu na inakula upepo. Ni kweli, inakula. Lakini Ciru, mama Warigia, aliipanda mwaka wa ukame, 1984, Warigia akiwa mgongoni na ndoo kichwani, na yeye hayupo tena nimuombe ruhusa. Nilikwambia afadhali betri nne kwa wiki na miti yangu. Bado nasema hivyo.

Kinu kifungulie. Mama Jepkosgei achaji, na wengine pia. Nani alifanya nini siku ile sijui, na nikiwa huku sitaki kujua. Ila nitumie vipimo. Sina shamba, sina duka, nina penseli.

Gathogo


Kiplombe
6 Julai 2008

Mzee,

Kinu kinazunguka. Mama Jepkosgei anasoma kile kisaa cha baiskeli tulichokifunga kwenye vikombe vya kupimia upepo, anaandika kwenye daftari lake la shule ya nasari, nami nakopi kila Jumamosi. Aprili 2.8, Mei 2.5, Juni 2.4. Hakuna ajabu. Betri nne kwa wiki, wiki nyingine tatu.

Shida ni moja. Bawa moja limepata ufa kwenye shina, pale linapofungwa kwenye kitovu. Nadhani ni joto la siku ile. Na kwa vile matatu lazima yawe na uzito mmoja, itabidi nichonge matatu mapya. Mbao nitatafuta.

Kuna jambo jingine, na naona haya kukuletea habari zangu wakati wewe huna hata kitanda chako. Mwezi wa Februari chuo kina maonyesho ya kazi za mafundi. Mwenye kazi bora atafanywa mkuu wa karakana. Mzee, nina miaka kumi na minne pale, nafagia vumbi la mbao nyuma ya vijana wenye digrii. Nimefikiri nipeleke kinu chetu, na hesabu zake zote.

Miti yako iko salama.

Eliakim


Ol Kalou
30 Julai 2008

Mwalimu,

Peleka. Kazi ni yako zaidi kuliko yangu, mimi nilishika ngazi tu.

Tafuta mbao kavu isiyo na vifundo. Na uchonge mabawa ya upepo tulio nao, si ya upepo unaoutamani. Yale ya kwanza tuliyafanya mapana kwa sababu upepo wetu ni mvivu, lazima ukingwe kwa kifua kizima. Ulinifundisha mwenyewe kwamba upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu inakuwa mara nane. Fundi akisikia hiyo mara nane akili inamruka. Nimekuona uso wako ukiitaja.

Warigia amepata kazi ya kufundisha hapa karibu. Anauliza miti ya mamake.

Gathogo


Kiplombe
3 Februari 2009

Mzee wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kimya cha miezi sita. Kazi ilikuwa nyingi, na Seline alijifungua Novemba. Mtoto wa kike, tumemwita Adoyo.

Mabawa mapya yamekamilika tangu Oktoba. Nimeyafanya membamba kuliko ya kwanza, ncha inakimbia mara sita ya kasi ya upepo, na kwenye shina nimeyapinda digrii kumi na nane tu. Yanalia vizuri, sauti nyembamba, si ule mngurumo wa zamani. Kipimo cha Januari ni 4.4. Betri kumi na nne kwa wiki. Watu wanatoka hadi ng'ambo ya mto kuleta betri zao. Januari hii imekuwa na upepo sana, kila mtu anasema.

Miti ipo, Mzee, yote kumi na miwili, mirefu na inakusalimu. Nilipita chini yake jana nikakumbuka maneno yako.

Maonyesho ni tarehe ishirini. Utuombee.

Mwanao katika Bwana,
Eliakim


Ol Kalou
1 Machi 2009

Mwalimu,

Hongera kwa Adoyo. Mungu amkuze.

Nimefungua ile bahasha yangu maarufu. Januari 2007 ilikuwa 2.9. Yako ni 4.4. Nimegawanya, nikazidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa lenyewe tena, kama ulivyonifundisha, nikapata nguvu imekuwa mara tatu na nusu. Na betri zako zimetoka nne zikawa kumi na nne, ambayo ni mara tatu na nusu kamili. Kwa hiyo si mabawa. Ni upepo wenyewe. Upepo wa Chepsaita siku hizi unakula nini?

Nitumie jedwali la pande, niione mashariki peke yake, kaskazini peke yake na kusini peke yake. Uniambie pia mabawa ni ya mbao gani.

Na miti inaendeleaje?

Gathogo


Kiplombe
10 Mei 2009

Mzee,

Jedwali ni hili. Mashariki 5.1, kaskazini 2.6, kusini 2.7. Siku saba kati ya kumi upepo hutoka mashariki, kama kawaida.

Mbao nilinunua kule Turbo, kwa mtu wa kupasua mbao. Ni saiprasi, lakini ya kununua.

Maonyesho nilishinda. Tangu Aprili mimi ndiye mkuu wa karakana. Wamenipa ofisi yenye dirisha. Nilitaja jina lako kwenye hotuba, ingawa kulikuwa na kelele na sijui kama lilisikika.

Miti ni mizima. Juzi niliiondolea magugu chini.

Eliakim


Ol Kalou
2 Agosti 2009

Mwalimu,

Miti inaendeleaje?

Gathogo


Kiplombe
18 Oktoba 2009

Mzee Gathogo,

Hakuna mti hata mmoja. Nimeandika sentensi hiyo kwanza ili nisipate nafasi ya kuizunguka.

Nilianza na mmoja uliokauka, Agosti mwaka jana. Uliniambia nitafute mbao kavu isiyo na vifundo, nikajiambia hata wewe ungeona ni upuzi kununua mbao huku mti mkavu umesimama pale. Ulikuwa umeniagiza niuache. Niliikumbuka hiyo barua nikiwa na msumeno mkononi, nikasema utaelewa. Mama Jepkosgei alikuja hadi kwenye ua akauliza, "Mwalimu, Baba Warigia amekubali ukate hii miti yake?" Nikamwambia, "Amekubali, Mama, ameniandikia barua." Nikapapasa mfuko wa shati kumwonyesha. Na barua ilikuwa ndani kweli, ile ya kunikataza. Yule mama akaniamini, akanishikia kamba mti usiangukie waya.

Ulipoanguka kukawa na pengo. Nilipanda nguzo kukaza skrubu, na hapo juu nikausikia upepo usoni. Miaka miwili nilipanda nguzo ile na sikuwahi kuusikia. Vikombe vikaanza kukimbia. Mzee, nilifurahi. Nilicheka peke yangu juu ya nguzo, na chini yangu kuna ukuta wa jikoni kwako umesimama mweusi. Hilo ndilo linanirudia nikiwa nakula, nikiwa kanisani, nikimbeba mtoto.

Jumamosi iliyofuata nikakata ule mkavu wa pili. Baada ya hapo sikuwa na sababu tena, nilikuwa na mazoea. Miwili kila Jumamosi mpaka mwisho wa Septemba. Waliokuja kuomba kuni niliwagawia kama mwenye boma. Baadhi yao siwezi kukuapia kwamba hawakuwepo siku ya moto. Nilipoanza kuandika ile barua ya Februari nilikusudia kukwambia, halafu nikafika kwenye neno miti na mkono ukaandika "mirefu na inakusalimu". Sijui neno hilo lilitoka wapi. Niliisoma barua, nikaona aibu, nikaifunga, nikaituma.

Kuna jambo baya zaidi. Kwenye ripoti ya maonyesho kuna sehemu ya kueleza mahali kinu kilipo. Ningeweza kuandika kwamba ni shamba la Mzee Gathogo, ambaye amefukuzwa, na kwamba upepo uliongezeka kwa sababu nyumba yake imechomwa na miti yake nimeikata mimi. Niliandika hivi: "Uwanja wazi. Hakuna nyumba wala miti." Kila neno lilikuwa kweli siku ile. Waamuzi walisema nimechagua mahali pazuri. Nikawashukuru. Na kwenye hotuba sikukutaja. Hapakuwa na kelele yoyote.

Utauliza kwa nini basi nilikutumia 4.4. Ningeandika 2.9 usingejua kamwe. Nimejiuliza sana. Ningependa kusema kwamba dhamiri ilinikataza, lakini nadhani ni majivuno ya fundi tu. Kwa maneno nilikudanganya bila kutetemeka. Vipimo sikuweza kuvigusa.

Visiki vimebaki. Niliwahi kutaka kuving'oa ili ripoti yangu iwe kweli kabisa, lakini Mama Jepkosgei alisimama juu ya kimoja akasema, "Hapa ndio mpaka, Mwalimu. Mimi nalima mpaka hapa na sipiti. Hata wewe usipite." Bado hajui kwamba nilimdanganya. Nitamwambia.

Ofisi yenye dirisha ninayo bado. Sijairudisha. Nakuambia hilo pia.

Eliakim


Ol Kalou
9 Januari 2010

Oyugi,

Nilijua tangu Mei mwaka jana. Mwaka 2007 mashariki ilikuwa 3.0, wewe ukaniletea 5.1. Kaskazini 2.6 ikabaki 2.6. Kusini 2.7 ikabaki 2.7. Mungu akituongezea upepo haongezi upande mmoja peke yake. Nilikaa na jedwali lako kwenye kiti cha ndugu yangu nikaiona miti ikianguka mmoja mmoja kwenye hesabu, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu Warigia alikuwa ameshaisoma barua yako ya Februari na kufurahi kwamba miti ya mamake inatusalimu.

Nimemwambia juzi. Alitoka nje akafua nguo ambazo alikuwa amezifua jana yake.

Walioichoma nyumba yangu hawakuwahi kuniita Mzee. Hawakuwahi kula kwangu. Wewe ulikuwa mtu wangu. Moto ule nilishaanza kuuzoea, hili sijui nitalizoea vipi.

Visiki viache. Kinu kiache kizunguke, watu wana betri zao na kosa lako si lao. Mama Jepkosgei mpe salamu zangu, umwambie ninajua alivyoulinda mpaka wangu.

Usiniandikie maneno tena, ya pole wala ya dini. Kila Februari nitumie kipimo cha Januari. Nambari peke yake. Nambari zako naziamini.

Gathogo


Kiplombe, 2 Februari 2010
Januari: 4.4.
E. Oyugi


Kiplombe, 1 Februari 2011
Januari: 4.5.
E. Oyugi


Kiplombe, 3 Februari 2012
Januari: 4.4.
E. Oyugi


Kiplombe, 2 Februari 2013
Januari: 4.2.
E. Oyugi


Kiplombe, 1 Februari 2014
Januari: 4.0.
E. Oyugi


Ol Kalou
20 Februari 2014

Oyugi,

Nambari inashuka. Vikombe vitakuwa na kutu. Badilisha beringi upime upya.

Gathogo


Kiplombe, 8 Machi 2014
Beringi mpya: 2. Kipimo: 4.0.
E. Oyugi


Kiplombe, 2 Februari 2015
Januari: 3.7. Mashariki 4.1. Kaskazini 2.6. Kusini 2.7.
E. Oyugi


Ol Kalou
1 Machi 2015

Oyugi,

Sikukuomba jedwali la pande. Lakini nimeliona.

Mingapi?

Gathogo


Kiplombe, 14 Machi 2015
12.
E. Oyugi


Kiplombe, 1 Februari 2016
Januari: 3.4.
E. Oyugi


Kiplombe, 2 Februari 2017
Januari: 3.2.
E. Oyugi


Kiplombe, 3 Februari 2018
Januari: 3.1.
E. Oyugi


Ol Kalou
4 Machi 2018

Mwalimu Eliakim,

Nimekuwa mzee wa kweli sasa, si wa heshima tu. Penseli inatetemeka, na barua hii Warigia ananiandikia. Akiona jambo la aibu ameahidi kuliandika kama nilivyolisema.

Lile swali lako la kujiuliza kwa nini hukubadilisha nambari, nami nina la kwangu. Nilipokuandikia Agosti ile, "Miti inaendeleaje?", nilijua hakuna miti. Nilijua tangu Mei. Kila siku nilimsubiri mtu wa posta nione utaniongopea nini tena, kama umeimwagilia maji, kama imezaa ndege. Nilikuwa na usingizi mzuri miezi hiyo. Mtu aliyepoteza kila kitu hupata raha mahali pa ajabu, na mimi niliipata kwa kukutazama ukizama. Ningeweza kuandika mstari mmoja, "Najua, Mwalimu, sema," nikakupunguzia. Sikutaka. Halafu nikakunyima maneno miaka minane, nikajiita mwenye haki. Naisoma leo ile barua yako ya Oktoba na naona haya. Warigia, andika hivyo hivyo, naona haya.

Mwaka 2014 nilidhani kweli ni beringi. Mwaka 2015 nikaliona jedwali lako na mashariki inarudi nyuma peke yake, pande nyingine zimesimama, nikamwita huyu binti atoke shambani nikamwonyesha kwa kidole. Tuliipigia hesabu pamoja. Saiprasi huku juu hukua mita moja na kidogo kwa mwaka, kwa hiyo ulipanda miti mipya mvua za 2010, karibu na siku uliyopokea barua yangu, na ukakaa miaka mitano bila kuniambia kwa sababu nilikukataza maneno. Kila mwaka ulikuwa unakiua kinu chako mwenyewe kidogo kidogo na kunitumia kipimo cha kifo chake. Waamuzi wako wangesema umechagua mahali pabaya.

Hati mpya imetoka. Nilitaka kuja mwaka jana nikaogopa, nikangoja uchaguzi upite, wa kwanza na ule wa marudio. Umepita. Mpimaji atakuja tarehe kumi na sita Aprili kutafuta lile jiwe la mti wa tatu. Warigia atanileta. Mama Jepkosgei amenitumia ujumbe kwamba stima imefika kwake na betri sasa zimewekwa kwenye banda la kuku, lakini anasema kinu kisishushwe, amezoea sauti.

Mabawa yako membamba hayataweza upepo huu tena, yatakuwa yanasimama siku nzima. Kama hukuyachoma yale mapana ya zamani, yalete. Lenye ufa tutalitia gundi.

Waambie wa chuoni lolote unalotaka au usiwaambie. Hilo ni lako na dirisha lako. Kwangu mimi sijui kama nimekusamehe. Nilitafuta neno hilo jana nisiseme uongo, sikulipata. Nina nambari tu. Januari 2007 ilikuwa 2.9, na hii yako ni 3.1. Imebaki 0.2.

Nakuja kuingojea hapo hapo.

Gathogo